Treni Imechelewa Wapi

Baba alianguka akinawa uso.

Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa saba, 2024, msimu ule ambao upepo wa Dodoma unapita chini ya mlango na mtu anatafuta sweta kabla hajafumbua macho vizuri. Baba alikuwa uani, amesimama mbele ya bomba, anatawadha. Alikuwa ameshasukutua na kupandisha maji puani. Akakinga maji kwa viganja viwili, akafumba macho, akayapeleka usoni. Mimi nilikuwa jikoni nahangaika na mkaa uliolala na umande. Nikasikia ndoo inagonga sakafu, halafu kishindo kizito ambacho mwili wangu ulikitambua kabla ya akili.

Nilimkuta amelala ubavu, damu inamtiririka juu ya jicho la kulia. Nikamwinua, nikamkalisha kwenye kigoda, nikambana kidonda kwa kanga. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Sikuteleza, mama. Nilifumba macho tu."

Maneno hayo ndiyo sababu ya makala hii. Nilipoyasikia sikuyaelewa. Nilidhani ni aibu ya mzee aliyeanguka mbele ya binti yake, anatafuta namna ya kujitetea. Ilichukua zaidi ya miezi miwili, vituo vitatu vya afya na safari moja ya Dar es Salaam mimi kujua kwamba Baba alikuwa amejieleza kwa usahihi kuliko yeyote aliyemtazama.

Ana sukari tangu 2011. Ni Mrangi wa Kondoa, lakini Dodoma ameishi tangu 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaanzisha shirika lake la reli. Aliajiriwa akiwa kijana, akawekwa kwenye vikosi vya kutunza njia, akatembea kwa miguu juu ya mataruma kutoka Kikombo hadi Gulwe, akikagua reli. Ni mtu wa miguu. Kwa hiyo miguu ilipoanza kumsaliti alinyamaza kwanza, kama anavyonyamaza mtu aliyeibiwa na ndugu.

Dalili zilikuwepo, naziona sasa. Kandambili ilikuwa inamvuka njiani na anaendelea kutembea hatua kumi bila kujua. Usiku umeme ukikatika alikuwa anaita, "Leteni taa," kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu anayetaka kusoma. Akitembea alianza kutazama chini, macho yamefuata unyayo, na mguu anaunyanyua juu na kuutua kwa kishindo kama anakanyaga kitu anachotaka kihakikishwe kipo. Sisi tukasema baba anazeeka.

Na hivyo ndivyo tulivyoambiwa kliniki. Sitaitaja. Tulisubiri tangu saa moja asubuhi, tukaingia saa sita. Sukari ikapimwa kidoleni, ikasoma 8.4. Aliyetuhudumia akalitazama daftari, akamtazama Baba, soksi zikiwa bado mguuni, akasema, "Mzee, umri umekwenda, muwe mnamshika mkono." Akaandika dawa za maumivu, wakati hakuna aliyelalamika kuumwa. Nilimwambia habari ya kufumba macho. Akasema presha itakuwa ilishuka. Presha hakuipima.

Sina chuki naye, foleni niliiona. Lakini nasema kwa uchungu kabisa: kumwambia mgonjwa wa kisukari kwamba kuyumba ni uzee, bila kumvua soksi, ni kumnyima matibabu. Uzee haumwangushi mtu kwa sababu amefumba macho.

Daktari wa tatu alikuwa dada mdogo, pengine hajafika miaka 30. Alimwamkia Baba, akamuuliza, "Ilikuwaje, mzee wangu?" Baba akasema vilevile: sikuteleza, nilifumba macho. Yule dada akaweka kalamu chini.

Alimsimamisha Baba wima, visigino vimekutana, akasimama nyuma yake mikono wazi. "Fumba macho, nipo hapa." Baba akafumba. Hazikupita sekunde tatu, akaanza kwenda mbele na nyuma, halafu akaegama wote kama mlango uliong'oka bawaba. Daktari akamdaka. "Fumbua." Akafumbua, akasimama imara.

Halafu akatoa chuma kidogo chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kwenye kiganja, kikatetema. Akakiweka juu ya kidole gumba cha mguu. "Unasikia kinatetema?" Hapana. Kifundo cha mguu? Hapana. Goti? Kidogo sana. Mfupa wa nyonga? "Hapo ndiyo." Akachukua uzi wa plastiki mgumu kama wa kuvulia samaki, ule unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10, akamgusa nyayo sehemu mbalimbali Baba akiwa ametazama dari. Sehemu nyingi alikuwa hajui kama ameguswa. Akagonga kisigino kwa kinyundo, mguu haukuitika. Akagonga goti, likaruka kwa nguvu kuliko kawaida. Mwisho akakwaruza unyayo kutoka kisigino kwenda mbele, na kidole gumba kikapanda juu polepole.

Hapo akanyamaza kidogo. Akanigeukia mimi. "Dada, kisigino kisichoitika, hiyo ni neva za mguuni, na kwa miaka 13 ya sukari sishangai. Lakini goti kuruka hivi na kidole kupanda, hayo hayatoki mguuni. Yanatoka juu, kwenye uti wa mgongo au ubongo. Hapa kuna mambo mawili. Nataka tujue njia imeharibika wapi."

Vifaa vyote alivyotumia viliingia kwenye mfuko wa koti lake. Naliandika hili ili mtu asije akadhani kwamba bila mashine kubwa hakuna kinachowezekana. Mashine ilikuja baadaye, kujibu swali ambalo kinyundo kilishauliza.

Watu wengi wenye sukari wanajua habari ya miguu. Ganzi, miguu kuwaka moto usiku, sindanosindano, kidonda kisichopona, mwisho kukatwa. Karibu kila ukoo hapa kwetu una mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 hivi katika kila watu wazima 100 wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na wengi walikuwa hawajijui. Lakini kwamba sukari hiyohiyo inaweza kupanda juu, ikachelewesha habari ndani ya uti wa mgongo na hata ubongoni, hilo sikuwa nimewahi kulisikia, na nimekaa mabenchi ya kliniki ya kisukari na Baba miaka 13.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Kila uzi wa neva unaohisi kidole gumba cha mguu ni seli moja. Kiini chake kimekaa kiunoni, pembeni kidogo ya uti wa mgongo, nacho kimetoa mikono miwili: mmoja unashuka hadi kidoleni, mwingine unaingia ndani ya uti na kupanda bila kukatika hadi shina la ubongo, pale shingo inapokutana na kichwa. Kwa mtu mrefu kama Baba, seli hiyo moja ina urefu unaopita mita moja na nusu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inachafua shughuli za ndani ya seli na kuziba vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Nyuzi ndefu ndizo zinazoanza kufa, kuanzia ncha, ndiyo maana ganzi huanza vidoleni na kupanda kama soksi. Lakini mkono wa juu nao ni wa seli ileile. Hauna kinga ya pekee.

Baadaye nilisoma kwamba madaktari wa Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2001 picha za sumaku (MRI) za shingo za wagonjwa wa kisukari. Wenye neva zilizoharibika miguuni walionekana na uti mwembamba zaidi kuliko watu wasio na kisukari. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo muda mrefu. Tulikuwa tunapaka mafuta unyayo, na ugonjwa uko shingoni.

Tuliambiwa kipimo cha kujua njia imeharibika wapi tukafanye Dar es Salaam. Ndugu walichanga, kaka yangu wa Singida akauza mbuzi wawili, na mwezi wa kumi tukapanda treni mpya ya umeme. Baba hakuwa amewahi kuipanda. Alikaa dirishani, fimbo katikati ya magoti, na safari nzima hakutazama chakula nilichofunga. Alikuwa anatafuta njia ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, inayoonekana na kupotea kando yetu. Tulipokaribia bonde la mto Mkondoa akanionyesha kwa kidole. "Hapa ndipo palipotutesa." Kila mvua kubwa, kati ya Kilosa na Gulwe, mto ulikuwa unakula tuta. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalisomba njia hadi huduma ikasimama kwa miezi. Saa tatu na ushee baada ya kutoka Dodoma tulikuwa Dar, safari ambayo yeye aliizoea ikimeza usiku mzima.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, kiyoyozi kinavuma. Mtaalamu alikuwa kijana mpole mwenye ndevu chache. Kitu cha kwanza alichofanya ni kushika miguu ya Baba na kukunja uso. "Ya baridi." Akazima kiyoyozi, akaifunga miguu kwa taulo lililochovywa maji ya uvuguvugu, akapima joto la ngozi, akasubiri. Alinieleza kwamba neva ikipoa inapunguza mwendo, karibu mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na mtu anaweza kupewa ugonjwa asio nao kwa sababu ya kiyoyozi. Napenda kulisema hili kwa mtu wa Dodoma atakayepimwa mwezi wa sita au wa saba: usione aibu kuomba wakupashe miguu kwanza.

Habari ndani ya neva ina mwendo unaopimika. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliupima kwenye mguu wa chura mwaka 1850, wakati wengi waliamini ni wa haraka mno kupimika. Kwa binadamu mwenye afya, neva za mkono zinakwenda mita 50 hadi 60 kwa sekunde, za mguu pungufu kidogo. Zina kasi kwa sababu zimevikwa ala ya mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Ala ikichakaa, mwendo unapungua. Nyuzi zikifa, mlio wenyewe unafifia, hata kama zilizobaki bado zinakimbia. Mtaalamu anasoma yote mawili: umechelewa kiasi gani, na umefika na nguvu gani.

"Mzee, nitakupiga shoti kidogo. Ikizidi useme."

Sehemu ya kwanza ilikuwa miguu yenyewe. Aliweka kifaa chenye ncha mbili nyuma ya kifundo, akabonyeza, na vidole vya Baba vikaruka. Baba akavitazama. "Naviona vinaruka," akasema. "Mimi nasikia kwa mbali, kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu." Neva ya misuli ya mguu ilikwenda mita 36 kwa sekunde, ilitakiwa ipite 40. Neva ya kuhisi inayopita ubavuni mwa kifundo haikujibu kabisa. Kijana aliongeza nguvu, akasogeza, akarudia. Mstari kwenye skrini ulibaki bapa.

Kipimo cha kawaida cha neva huishia hapo, na hapo kingetuambia tulichokwisha kujua: miguu imeharibika. Ili kuona uti na ubongo ilibidi kuifuata habari njia nzima. Kijana akabandika vibati vidogo vyenye waya nyuma ya goti, kiunoni juu ya uti wa mgongo, shingoni, na utosini, akiwa amesugua ngozi na kutia gundi nzito nyeupe. Akaweka shoti kifundoni iwe inagonga yenyewe, mara tatu kwa sekunde.

Baba akauliza ni ya nini yote hayo. Kijana akaeleza: tunapeleka habari kutoka mguuni, tunaandika saa ilipopita gotini, saa ilipopita kiunoni, saa ilipofika kichwani.

Nilimwona Baba akijiweka sawa juu ya kitanda.

"Kila stesheni inaandika saa."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo mguu ni Dar. Goti ni Morogoro. Kiuno Kilosa. Kichwa Dodoma."

Kijana akacheka kwa furaha. Baba hakucheka, alikuwa kazini. Alimweleza kwamba zamani kila stesheni ilikuwa na daftari, treni ikiingia inaandikwa, ikitoka inaandikwa. Treni ikifika Dodoma imechelewa saa tatu, huendi kumlaumu bwana stesheni wa Dodoma. Unapiga simu Gulwe, uliitoa saa ngapi? Unapiga Kilosa. Unarudi nyuma mpaka uipate stesheni mbili ambazo kati yake muda umepotea, hapo ndipo unapopeleka kikosi na makoleo. Nimesoma maelezo mengi ya kipimo hiki tangu siku ile. Sijakuta yanayoshinda hayo.

Kuna kitu nilitaka kukielewa zaidi, nacho ni jinsi mlio mdogo hivyo unavyosikika juu ya kelele za ubongo. Habari ya mguu ikifika kichwani, nje ya fuvu ni mikrovolti chache tu, yaani sehemu chache za milioni za volti moja, na ubongo wenyewe muda wote unanguruma mara nyingi zaidi ya hapo. Ni kama kutaka kumsikia bibi mmoja anayeita jina lako kwa sauti ya chini katikati ya soko la Majengo siku ya mnada. Ukimsikiliza mara moja huambulii. Lakini yeye anaita jina lilelile, kwa muda uleule, kila baada ya shoti, na kelele za soko hazina mpangilio. Ukijumlisha mara mia tano na kugawanya, kelele zinafutana zenyewe kwa zenyewe, sauti ya bibi inabaki. George Dawson, daktari wa London, alifungua njia hiyo mwaka 1947 kwa kurundika picha za mawimbi juu ya filamu moja hadi lile linalojirudia likaonekana. Leo kompyuta inafanya hivyo mgonjwa akiwa amelala. Kijana alichukua mizunguko mia tano, halafu akairudia yote upya, akaweka mistari miwili juu ya mwingine. Ikikubaliana, ni kweli. Isipokubaliana, ni kelele.

Ilikubaliana. Kutoka kifundo hadi kiuno habari ilichelewa, kama tulivyotarajia kwa miguu ile. Lakini kutoka kiuno hadi utosini, pale ambapo mtu wa kimo chake angetumia milisekunde 16 hivi (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), Baba alitumia 24. Wakapima na mkono. Kutoka shingoni hadi ubongoni, ambapo mtu mzima mwenye afya hutumia milisekunde 6 hivi, yake ilikuwa karibu 8.

"Kati ya Kilosa na Gulwe," Baba alisema. "Palepale."

Daktari bingwa aliyesoma majibu alisema jambo ambalo limekaa nami. Kisukari peke yake kinaweza kuchelewesha njia ya juu, lakini mara nyingi kidogo. Milisekunde 8 zaidi ni nyingi mno. Na kipimo hiki, alisema, kinajua kuhesabu muda tu, hakijui jina la mwizi. Ndipo maswali yakaanza. Baba amewahi kutibiwa kifua kikuu? Pombe? Amewahi kupima virusi? Amewahi kuwa na mabaka yasiyo na hisia kwenye ngozi? Dawa gani za sukari?

Metformini, nikasema. Asubuhi na jioni tangu 2011.

Anakula nini?

Baba alijibu kwa fahari, na mimi moyo ukaanza kwenda mbio kabla sijajua kwa nini. Ugali wa mtama au uwele. Mlenda. Maharage. Matunda kidogo. Nyama aliacha siku aliyoambiwa ana sukari, na maziwa, na mayai, maana mtaani walisema vyote hivyo ni sumu kwa mwenye sukari. Mtoto wa Kirangi aliyekunywa maziwa ya mgando tangu anajifunza kutembea, aliyaacha siku moja, akashika neno lake miaka 13.

Damu ikachukuliwa kupima vitamini B12. Jibu lilikuja 96, na maabara ile huhesabu chini ya 200 kuwa upungufu.

Vitamini hiyo mwili hauitengenezi. Inatoka kwenye nyama, samaki, maziwa, mayai. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu hauonekani mwaka wa kwanza wala wa tatu. Metformini ikitumiwa muda mrefu hupunguza jinsi utumbo unavyoinyonya. Chama cha kisukari cha Marekani kinashauri wanaoitumia wapimwe vitamini hii mara kwa mara, hasa wenye ganzi au damu pungufu. Damu ya Baba ilikuwa nyingi, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Na B12 ikikosekana, kinachoharibika ni ala ya neva, miguuni na ndani ya uti wa mgongo pia, hasa upande wa nyuma, mle inamopita habari ya mtetemo na ya mahali miguu ilipo. Mtu aliyepoteza habari hiyo anasimama kwa macho. Anaona sakafu, anajua yuko wima. Akifumba, hana ushahidi wowote.

Kwa hiyo mzee wangu alikuwa anazama kwa mambo mawili yanayofanana dalili, moja ambalo hatuwezi kulirudisha nyuma sana, na lingine linalotibika kwa sindano. Bila kuhesabu stesheni, yote yangeitwa sukari, au uzee, na hilo la pili lingeendelea kumla hadi kwenye kiti cha magurudumu.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu mashine. Kuna shangazi yangu, naye ana sukari, miguu yake inawaka moto usiku hadi anailaza juu ya sakafu ya saruji. Alipimwa neva, majibu yakatoka safi, na mtu mmoja akamwambia mbele ya wanawe kwamba hana kitu. Kipimo hiki kinasoma nyuzi nene zenye kasi. Nyuzi nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, hazionekani humo, na kisukari mara nyingi huanza nazo. Shangazi alikuwa anasema kweli. Alihitaji mtu aamini miguu yake kuliko karatasi.

Wala sidai kila mwenye sukari akimbilie Dar. Gharama naijua, niliona mbuzi wakiondoka. Ninachotamani ni kwamba kila kliniki ya kisukari, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, mtu avuliwe soksi mara moja kwa mwaka, aguswe kwa ule uzi, agongwe visigino, afumbishwe macho huku kuna mtu wa kumdaka. Na anayeyumba, au ambaye kidole gumba kinapanda, asirudishwe nyumbani na dawa za maumivu. Huyo ndiye wa kupelekwa kwenye mashine, na kupimwa B12 wakati anasubiri nauli.

Sindano ni nyekundu. Sikuwa najua. Nesi wa kituo cha afya cha jirani alipovunja chupa ya kwanza na kuivuta, ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela inayouzwa pale stendi, na Baba akauliza kama ni damu ya mtu. Zilianza siku baada ya siku, kisha kila wiki, sasa ni kila baada ya miezi miwili. Metformini anaendelea nayo, daktari hakuikataza. Wastani wa sukari wa miezi mitatu tumeushusha kutoka asilimia 9.1 hadi 7.3. Maziwa yamerudi. Siku ya kwanza alikunywa kikombe kizima cha mgando amesimama, akakaa, akasema jina la mama yake.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata tulirudi Dar. Kijana yuleyule, taulo lilelile la uvuguvugu. Neva ya ubavuni mwa kifundo bado iko kimya, mstari bapa. Lakini kutoka kiuno hadi utosini, milisekunde 24 zimekuwa 19. Baba aliomba aandikiwe namba hizo kwenye daftari lake dogo la jalada jeusi, ambamo huandika kila sindano na saa yake. Aliziweka kwenye safu mbili, imetoka, imeingia.

Hajawa kijana. Usiku bado anataka taa, kandambili tumezibadilisha kwa viatu vya kufunga, na kila jioni namkagua nyayo kwa tochi ya simu maana yeye hawezi kusikia mwiba. Pembeni ya bomba kaka yangu alichomelea bomba la chuma la kushikilia.

Alfajiri nikiwa jikoni huwa nasimamisha mkono ninaposikia ameanza kutawadha. Anasukutua. Anapandisha maji puani. Halafu yanakuja maji ya uso, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono mmoja umeshika chuma. Kisha nasikia anahamia kwenye mikono, naupulizia mkaa.